Kamba wa Pilipili kwa Mtindo wa Kireno katika Jiko la Mafia

Kamba wa pilipili kwa mtindo wa Kireno ni mlo wa vitu vichache: kamba, mafuta, kitunguu saumu, pilipili kali na kitu cha kuchachua. Huiva kwa dakika chache, na uzuri wake hutegemea mpangilio: pilipili na kitunguu saumu huingia kwenye mafuta mapema, kamba huingia mwishoni. Mpishi anayejua kila kiungo kinafanya kazi gani anaweza kuupika kwa vile vinavyopatikana Kilindoni au Utende, kisiwani Mafia, bila kungoja chupa kutoka ng'ambo, na mlo ukabaki uleule. Sura hii inaeleza ulikotokea, namna ya kuchagua kamba, kazi ya kila kiungo, kisha mapishi yenyewe kwa hatua.

Chimbuko

Mimea yote ya jamii ya Capsicum, kuanzia hoho hadi pilipili kichaa, asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya karne ya 16 haikuwapo Ureno, India wala pwani ya Afrika Mashariki. Ukali wa vyakula vya mwambao ulitokana na pilipili manga na tangawizi, vitu vilivyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Wareno walifika Brazil mwaka 1500, na katika miongo iliyofuata meli zao zilizozunguka Afrika kwenda India zilieneza mbegu za pilipili katika bandari walizozishika, zikiwemo za Msumbiji na Goa. Pilipili hiyo mpya ilipokelewa haraka kwa sababu iliota hata nyuma ya nyumba na kuzaa kwa wingi. Ndege nao, ambao hawausikii ukali wake, walizila na kuzitawanya mbegu zake vichakani.

Katika pwani hii Wareno walianza kuonekana mwaka 1498 katika safari ya Vasco da Gama. Mwaka 1505 waliiteka Kilwa, na Mafia, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Kilwa, nayo ikaingia katika himaya yao. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, na ngome hiyo ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, nguvu yao kaskazini ya mto Ruvuma ilivunjika. Kusini ya mto huo walibaki hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Ndiyo maana mlo huu ulikomaa Msumbiji, hasa katika miji ya Beira na Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Huko kitunguu saumu, siki na mafuta ya mzeituni ya Wareno vilikutana na kamba wa bahari ya Sofala, pilipili kichaa za mashambani na ndimu za pwani.

Kutoka Msumbiji mlo ulisafiri na watu. Baada ya 1975 familia nyingi za Kireno zilihamia Lisbon na Afrika Kusini, zikaenda na sosi yao ya pilipili. Mkahawa wa Nando's, uliofunguliwa Johannesburg mwaka 1987, uliifanya sosi hiyo ijulikane duniani pamoja na kuku wa kuchoma. Katika miji ya New Bedford na Fall River, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako Wareno wengi walilowea, kamba hupikwa kwa kitunguu saumu, bia au mvinyo na kiungo cha kutia rangi ya manjano, na mlo huitwa camarão à Moçambique, yaani kamba wa Kimsumbiji. Goa nayo ina balchão, kamba waliokolezwa pilipili na siki nyingi kiasi cha kuweza kuwekwa kama achari. Kila mahali kiungo kisichopatikana kiliachwa, kikatafutwa kingine cha kufanya kazi ileile. Mapishi ya Mafia yanafuata njia hiyo.

Kamba wa Mafia

Upande wa magharibi wa Mafia, ng'ambo ya mlango wa bahari, mto Rufiji unamwaga maji na matope yake katika delta yenye takribani hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Huko ndiko kamba wanakokulia. Kamba jike hutaga baharini, na kambamiti mkubwa huweza kutaga mayai laki kadhaa kwa mara moja. Vitoto husukumwa na maji hadi kwenye vijito vya mikoko, hujificha na kula huko kwa miezi michache, kisha hurudi baharini wakiwa wamekua. Mvua za masika zinapoongeza maji ya mto, kamba wengi hutoka kwenye vijito, na wavuvi huwatarajia kwa wingi kuanzia kipindi hicho. Hata papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni majira ya kaskazi hufuata, pamoja na vingine, viduvi vidogo vinavyoelea karibu na uso wa maji.

Wanaofaa zaidi kwa mlo huu ni wa namna tatu. Kamba mweupe, Penaeus indicus, ana gamba jembamba na nyama tamu, na huiva upesi. Kambamiti, Penaeus monodon, mwenye mistari myeusi mwilini, ni mkubwa na nyama yake imeshikana. Huyu ndiye hasa anayefugwa katika mabwawa, na shamba la ufugaji wake limewahi kuendeshwa hapohapo Mafia. Metapenaeus monoceros, kamba wa kahawia aliye mdogo kidogo, hufaa sana kwa mchuzi wa tui. Uduvi, mbichi au wa kukaushwa, una mapishi yake mengine na hauingii hapa.

Kamba huanza kuharibika kichwani. Ndani ya kichwa mna kiungo cha kumeng'enya chakula, na kamba akishakufa vimeng'enya vyake huanza kuilainisha nyama ya mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo mnunuzi hutazama kichwa kwanza. Kichwa kinapaswa kushikana imara na mwili, gamba ling'ae na liwe gumu, na harufu iwe ya maji ya bahari. Kichwa kinachoning'inia, nyama inayobonyea na harufu kali ya kuchoma pua ni dalili za kamba aliyekaa. Madoa meusi kwenye gamba na miguu huletwa na kimeng'enya kinachofanya kazi penye hewa. Si sumu, lakini yanaonyesha kwamba kamba hakuwekwa kwenye barafu mapema. Kutoka ufukweni au sokoni hadi nyumbani, kilo moja ya kamba huhitaji takribani kilo moja ya barafu, na maji ya barafu yaachwe yatiririke, kamba wasikae wakilowana. Pasipo barafu, kamba hununuliwa asubuhi na kupikwa mchana uleule, na vichwa hukatwa mara tu wanapofika jikoni.

Kazi ya kila kiungo

Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Haimo kwenye mbegu, kama wengi wanavyodhani, bali kwenye utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mambo mawili hufuata hapo. Kwanza, pilipili iliyopitishwa kwenye mafuta hueneza ukali wake sawasawa katika mlo mzima, ilhali iliyotupwa kwenye maji huacha sehemu moja kali na nyingine imepooza. Pili, aliyezidiwa na ukali hasaidiwi na maji. Husaidiwa na maziwa, mtindi au tui.

Pilipili ya asili ya mlo huu ni kichaa, ndogo na nyembamba, Capsicum frutescens. Pilipili mbuzi, ya duara yenye mikunjo, ni kali pia na ina harufu nzuri ya matunda. Moja yake hutosha mahali pa kichaa nne au tano. Hoho nyekundu haitoi ukali bali rangi na utamu, kazi ambayo Wareno huifanya kwa paprika. Mwenye kupenda ladha ya pilipili bila moto mwingi hukwangua ule utando mweupe na kutumia nyama ya pilipili peke yake.

Kitunguu saumu hutoa harufu yake kinapopondwa, kwa sababu ndipo chembe zake hupasuka na alisini kutengenezwa. Hupondwa kwenye kinu na kuachwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kupikwa. Kikikaangwa hadi kuwa cha dhahabu huwa kitamu. Kikifika kahawia iliyoiva huwa kichungu, na uchungu huo hauondolewi na ndimu wala chumvi. Kuunguza kitunguu saumu ndilo kosa linaloharibu mlo huu mara nyingi kuliko yote.

Mafuta ya mzeituni hutoka mbali na bei yake ni kubwa. Mafia ni kisiwa cha minazi tangu zamani, na mafuta ya nazi, yawe ya kununua au ya kuchemsha tui nyumbani hadi mafuta yajitenge, huyabeba vyema ukali na harufu. Hutoa utamu wa nazi ambao hauko katika mapishi ya Beira, nao unapatana na kamba. Wasiotaka harufu hiyo hutumia mafuta ya alizeti. Kijiko cha siagi mwishoni huufanya mchuzi uwe mzito kidogo na kuutuliza ukali.

Wareno na Wamsumbiji hutia mvinyo au bia. Kazi ya kinywaji hicho ni kuleta uchachu na unyevu wa kukwangulia utamu ulioganda chini ya kikaango. Mafia, ambako wakazi wengi ni Waislamu, kazi hiyo hufanywa na supu ya vichwa vya kamba pamoja na ndimu na siki kidogo. Supu hii ina utamu wa kamba wenyewe, jambo ambalo mvinyo hauwezi kulileta, na kwa hiyo mlo haupungukiwi na kitu.

Vipimo na matayarisho

Kwa watu wanne huhitajika kamba wenye magamba na vichwa kilo 1, pilipili kichaa 6 hadi 10, hoho nyekundu 1, punje 10 za kitunguu saumu, mafuta mililita 120, ndimu 3, siki kijiko 1 cha chakula, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, siagi kijiko 1 cha chakula, chumvi, na fungu dogo la kotimiri.

Vichwa hukatwa na kuwekwa kando kwa ajili ya supu. Gamba la mwili huachwa, kwa sababu huikinga nyama na moto na pia huongeza utamu wa mafuta. Mgongo wa gamba hupasuliwa kwa mkasi au ncha ya kisu kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, na uzi mweusi unaoonekana hapo hutolewa. Uzi huo ni utumbo, na mara nyingi una mchanga. Mpasuko uleule ndio utakaopitisha viungo hadi ndani.

Kamba waliosafishwa hulowekwa kwa dakika 15 katika nusu lita ya maji baridi yenye kijiko 1 cha chakula cha chumvi. Chumvi huifanya nyama ishike maji yake wakati wa kupikwa. Kisha huchujwa na kukaushwa vizuri kwa kitambaa safi, kwa kuwa kamba mwenye maji huchemka kwenye kikaango badala ya kukaangika. Ndimu haitiwi katika hatua hii. Tindikali yake huikaza nyama kama moto unavyofanya, na kamba aliyekaa kwenye ndimu kwa muda mrefu huwa mgumu hata kabla ya kufika jikoni.

Supu huanza kupikwa wakati kamba wamelowekwa. Vichwa hukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi viwe vyekundu, hupondwapondwa kwa mwiko, hutiwa vikombe viwili vya maji na kuchemshwa polepole kwa dakika 20. Supu huchujwa na kuchemshwa tena hadi ibaki kikombe kimoja.

Pilipili, kitunguu saumu na nusu kijiko cha chai cha chumvi hutwangwa pamoja hadi vilainike. Hoho huchomwa juu ya makaa hadi ngozi iwe nyeusi, humenywa na kutwangwa pia. Anayeshika pilipili kwa mikono mitupu hujipaka mafuta ya kupikia viganjani, kisha hunawa kwa sabuni. Maji peke yake hayaondoi kapsaisini, na macho yasiguswe.

Kupika

Jiko la mkaa linafaa, alimradi mpishi aongoze moto kwa kuongeza na kupunguza makaa. Kazi huanza kwa moto mdogo. Mafuta yaliyobaki hutiwa kwenye kikaango kipana, na yakipata joto la wastani hutiwa mchanganyiko wa pilipili, hoho na kitunguu saumu. Hukorogwa kwa dakika 4 hadi 5. Mafuta yanapogeuka rangi ya machungwa, harufu ya kitunguu saumu kibichi ikaisha na chembe zikaanza kuwa za dhahabu, ukali umeshaingia kwenye mafuta. Bizari hutiwa hapo na kukorogwa kwa nusu dakika. Nusu ya sosi huchotwa na kuwekwa kando.

Makaa huongezwa moto uwe mkali, na kamba hupangwa kwenye kikaango bila kulundikana. Kilo moja hupikwa kwa mafungu mawili, kwa kuwa kikaango kilichojaa hupoteza joto. Kamba wa kadiri huhitaji dakika 2 kila upande, kambamiti wakubwa dakika 3. Sosi ikianza kuwa nyeusi kando ya kikaango, kijiko kimoja au viwili vya supu huiokoa.

Kuiva hutambuliwa kwa macho. Kamba mbichi ana rangi ya kijivu au kijani kwa sababu rangi yake nyekundu, astazanthini, imefungwa ndani ya protini. Joto huivunja protini hiyo na wekundu hujitokeza. Gamba jekundu peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Mpishi hutazama nyama katika mpasuko wa mgongo: ikiacha kuwa kama kioo na kuwa nyeupe yote, kamba ameiva. Akiachwa zaidi, protini zake hukazana na kuyakamua maji nje, na nyama huwa ngumu.

Kamba walioiva hutolewa na kuwekwa kwenye sahani. Supu iliyobaki, siki na sosi iliyowekwa kando hutiwa kwenye kikaango, na vilivyoganda chini hukwanguliwa kwa mwiko. Mchuzi huchemka kwa dakika 3 hivi hadi upungue na kung'aa. Kikaango huepuliwa, siagi huyeyushwa ndani yake, kamba hurudishwa na kugeuzwageuzwa, ndimu mbili hukamuliwa juu na kotimiri hunyunyizwa. Ndimu ikitiwa mwisho hubaki na harufu yake, ambayo moto huipoteza. Chumvi huonjwa wakati huu, kwa kuwa kamba na supu wameshakuja na yao.

Kwa tui la nazi

Katika jimbo la Zambezia, kati ya Beira na kisiwa cha Msumbiji, ambako minazi ni mingi, kuku wa pilipili hupikwa kwa tui, na mlo huo unajulikana Msumbiji nzima. Mapishi hayo yanaifaa Mafia pengine kuliko ya Maputo. Nazi mbili hukunwa kwa mbuzi. Tui la kwanza zito, yaani kasimile, huwekwa peke yake, na la pili jepesi peke yake.

Sosi hukaangwa kama ilivyoelezwa, lakini kwa mafuta nusu ya kipimo, kwa kuwa kasimile ina mafuta yake. Tui jepesi huchukua nafasi ya supu, au huchanganywa nayo, na huchemka hadi lipungue kwa nusu. Kasimile hutiwa baadaye kwa moto mdogo, na mchuzi hukorogwa kwa kwenda upande mmoja bila kuachwa utokote, maana tui hukatika kwa moto mkali. Kamba waliokaangwa hurudi humo kwa dakika moja tu. Ndimu hutiwa baada ya kuepua, kwa sababu tindikali nayo hukata tui lililo motoni. Tui hutuliza ukali, hivyo pilipili huweza kuongezwa kwa theluthi moja bila mlo kuwa mkali kupita wa kwanza.

Kwa kuchoma

Kambamiti wakubwa huchomwa vizuri juu ya makaa. Hupasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu bila kuondolewa gamba, hupakwa sosi iliyokwisha kupikwa na kupoa, na kukaa nayo kwa nusu saa mahali pa baridi. Huwekwa upande wa gamba kwanza juu ya makaa yaliyofunikwa na majivu meupe kwa dakika 3 hadi 4, kisha hugeuzwa kwa dakika moja. Sosi ya kupaka wakati wa kuchoma hutengwa na ile ya kulia mezani, ili iliyogusa kamba mbichi isiliwe bila kupikwa.

Kuandaa na kuhifadhi

Mchuzi wa mlo huu ndio wenye thamani kubwa, kwa hiyo huandamana na kitu cha kuunyonya: mkate, wali mweupe au muhogo wa kuchemsha. Kwa kamba wa tui, wali wa nazi hulemea. Wali mkavu hufaa zaidi. Kachumbari ya tango na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi huburudisha ulimi. Kamba huliwa kwa mikono, na bakuli la maji yenye ndimu huwekwa mezani kwa kunawia.

Mlo uliobaki hukaa kwenye jokofu kwa siku moja hadi mbili, na hupashwa moto polepole katika mchuzi wake ili nyama isikauke. Mlo wa tui uliokaa nje kwa saa kadhaa katika joto la pwani haufai kuliwa. Sosi ya pilipili peke yake, ikiwa imepikwa vizuri pamoja na siki na kuwekwa kwenye chupa safi katika jokofu, hudumu kwa wiki moja. Hatimaye, wako watu ambao miili yao huikataa protini ya kamba. Huwashwa, huvimba midomo au kubanwa pumzi. Kupika hakuiondoi hatari hiyo, na mafuta au kikaango kilichopikiwa kamba huweza kuwadhuru pia. Mwandalizi wa mlo huu huwauliza wageni wake mapema, na mwenye tatizo hilo hupikiwa chakula kingine katika chombo kingine.